Kimo cha Kiti

Kiwanda cha viatu kilipofungwa pale Tržič
walitupa kila mmoja bahasha na mkono wa kwaheri.
Miaka thelathini na mmoja ya ngozi na gundi,
ya soli zilizokwenda miji nisiyoijua,
ikaingia yote katika bahasha moja, na nafasi ikabaki.

Dada yangu Ljudmila akasema: nunua jiko.
Akasema: ziba paa, upande wa kaskazini linavuja.
Nikasema ndiyo, ndiyo,
nikapanda basi hadi Jesenice
kwa Gorazd, aliyekuwa mchomeleaji wa kiwanda cha chuma,
na sasa huchomelea baiskeli bandani, nyuma ya nyumba ya mamake,
moja kwa miezi mitatu, akiwa na moyo.

Hakuanza na bei. Alinionyesha kiungo,
pale bomba la juu linapokutana na bomba la kiti:
kijiduara juu ya kijiduara, vimelaliana.
Nikavaa miwani. Nikainama.
Kidole kikaanza kuhesabu chenyewe, kwa mazoea.
"Huu ni mshono," nikamwambia.
Akacheka. "Mama, hiyo ni titani."
"Mshono naujua nikiuona.
Na mkono uliolewa jana yake naujua pia."
Akaiva uso. Kweli palikuwa na kimoja kilichopinda,
chini, karibu na kanyagio, asikotazama mtu.
Nikasema: basi hiyohiyo ndiyo yangu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hii ilijiuza, kisha ikanitembeza.

Haina rangi. Haitaki rangi.
Ni kijivu cha mbingu ya Februari,
kijivu cha maji yaliyooshea sufuria.
Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji,
iliyolila gari la shemeji yangu mlango kwa mlango,
hii huionja na kuitema.
Naifuta kwa kitambaa cha viatu,
naiegemeza jikoni, kando ya jiko lilelile bovu.

Juni nikaenda nayo Vršič.
Kona za mlima ule zimepewa namba, kama wafungwa,
na katika kila kona wamepanga mawe,
na mawe huongea na mifupa.
Baiskeli yangu ya zamani ilinisomea kila jiwe kwa sauti.
Hii hunong'ona: jiwe hilo. Kisha husahau.
Kona ya tisa nilitukana.
Ya kumi na nne nikashuka, nikajifanya naangalia mnyororo;
vijana wawili wenye soksi za rangi moja wakapita,
wakanisalimu kama mtu anavyomsalimu bibi yake.
Nilipopanda tena hawakuwa mbali.
Sikuwafikia. Sitadanganya.
Kileleni nilikunywa chai, kikombe kikigonga meno,
nikakaa mahali ambapo ningeweza kuiona.

Gorazd anasema itanizika,
bila chozi, bila kutu.
Kuna usiku hilo hunifurahisha.
Kuna usiku nafungua friji kutafuta maziwa,
mwanga unayapata yale mabomba,
nami nafikiri: haya, wewe utabaki,
na goti langu la kulia limekwisha anza kulia.

Neža, mjukuu wa Ljudmila, huniletea mayai Jumamosi.
Juzi nilipanda, magoti yakanijia kifuani.
Kiti kilikuwa kimeshushwa. Vidole viwili.
Na tairi zilikuwa na vumbi jeupe
la njia ya Podljubelj, nisiyoipita tangu Pasaka.

Sikusema neno. Nikachukua ufunguo, nikakipandisha,
nikakikaza sana, kwa hasira kidogo.
Halafu nikaitafuta, droo baada ya droo,
ile kalamu ya fedha tuliyochorea ngozi kabla ya mkasi,
nikatia alama kwenye nguzo ya kiti,
palepale alipokuwa amefika,
kistari kimoja, chembamba,
asihangaike kupima.